Usalama na afya kazini: maswali ya kumuuliza mshauri kabla mtu hajaumia

Waajiri wengi humwita mshauri wa usalama baada ya ajali. Maswali yafuatayo huulizwa sana na mafundi, wasimamizi na wenye karakana, na yote yana faida zaidi yakiulizwa mapema.

Mshauri wa usalama na afya kazini hufanya nini hasa? Ni mkaguzi?

Siye. Mkaguzi hutumwa na serikali na ana mamlaka ya kisheria. Mshauri huajiriwa na mwenye kazi ili amsaidie kutambua vihatarishi, kukadiria uwezekano wa mtu kudhurika na uzito wa madhara yenyewe, kisha kupendekeza namna ya kuzuia. Anayeijua kazi yake hukaa karakanani kuliko ofisini kwa meneja, na hufika hata wakati wa zamu ya usiku. Humuuliza anayeendesha mashine, "Ikikwama unaikwamuaje?" Hapo ndipo hujulikana kwamba watu huingiza mkono mashine ikiwa bado inazunguka, kwa sababu kuizima na kuiwasha upya kunachelewesha kazi. Jambo kama hilo hulikuti kwenye daftari lolote la kampuni. Dawa yake ni kuzima umeme wa mashine, kufunga swichi kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono.

Tumewanunulia wafanyakazi helmeti, glavu na barakoa. Bado kuna la kufanya?

Lipo, tena kubwa. Vifaa kinga ni ngazi ya mwisho katika kuzuia hatari. Kwanza unajiuliza kama hatari inaweza kuondolewa kabisa. Isipowezekana, unatafuta kitu kisicho na madhara makubwa cha kutumia badala yake; kisha unaizuia kwa ufundi, kwa kuifunika mashine au kuvuta hewa chafu; kisha unapanga utaratibu wa kazi, zamu na mafunzo. Glavu na barakoa hufuata baada ya hayo yote.

Chukua kazi ya kukata mawe au zege. Vumbi lake huwa na silika ya fuwele, madini yaliyomo ndani ya mawe na mchanga, na chembe zinazodhuru zaidi ni ndogo mno kuonekana kwa macho, ndiyo maana zinafika ndani kabisa ya mapafu. Huko huleta makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna tiba na humfanya mtu awe rahisi kupata kifua kikuu. Mwaka 1997 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya aina hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sasa mpe fundi barakoa peke yake: joto litamfanya aishushe, ndevu zitaacha mwanya, na ikiwa ni ya kitambaa haitazuia chembe hizo. Lakini ukiweka maji yanayotiririka kwenye msumeno unapokata, au kifaa cha kuvuta vumbi pale pale linapotoka, umemkinga yeye na wote walio karibu, hata asiyejua kwamba kuna hatari. Na vumbi lililotua lisifagiliwe likiwa kavu. Barakoa ya kuchuja vumbi, inayobana vizuri usoni, bado inahitajika kwa vumbi linalobaki.

Kwa hiyo ripoti ya mshauri ikianza na orodha ya glavu na buti, mrudishie. Hajamaliza kazi.

Kelele ya mashine tumeshaizoea. Ina madhara gani tena?

Wakati mwingine anayedhani amezoea ameanza kupoteza usikivu. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kwa hesabu ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Kama humsikii mtu aliye umbali wa mkono mmoja bila yeye kupaza sauti, kelele hiyo ipimwe.

Mwenzetu akianguka ndani ya tangi au shimo la maji taka, kwa nini tunakatazwa kumfuata?

Kwa sababu kilichomwangusha kinakungoja na wewe. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa si salama. Kutu, uozo na gesi nyingine huishusha, na upungufu huo wenyewe hauna harufu. Gesi ya salfidi hidrojeni hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hufisha uwezo wa kunusa, nawe ukadhani imekwisha. NIOSH ilitahadharisha mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hii walikuwa waokoaji. Inauma sana, kwa sababu hao ni watu walioingia kwa upendo. Hewa ipimwe kwa kifaa kabla ya mtu kuingia na akiwa ndani, hewa safi ipulizwe, anayeingia avae mkanda wenye kamba, na mlinzi abaki nje akiwa na njia ya kumvuta. Kama hayo hayapo, mtu asiingie.

Hatujawahi kupata ajali. Mshauri wa nini?

Magonjwa ya kazi hayaonekani kwenye hesabu ya ajali. Asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika sana katika ujenzi, kwa mfano, huweza kuleta ugonjwa miaka 10 hadi 40 baada ya mtu kuivuta, pengine ameshastaafu. Uliza pia kuhusu nusura ajali: tofali lililoanguka bila kumgusa mtu, ngazi iliyoteleza. Wafanyakazi wasipozitaja kabisa, huenda wanaogopa kulaumiwa.

Mfanyakazi akiona hatari, anaweza kuacha kazi pale pale?

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya msingi. Unasema pia kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mazingira salama na yenye afya yaliingizwa katika haki za msingi kazini. Utaratibu wa kutoa taarifa uko katika sheria ya kila nchi, kwa hiyo uulize kabla siku hiyo haijafika.

Ripoti ya mshauri tuifanyie nini?

Kila pendekezo liandikiwe jina la mhusika na tarehe ya kukamilisha, na nakala ibandikwe wafanyakazi wanapoiona. Tathmini irudiwe ikiletwa mashine au kemikali mpya, jengo likibadilishwa, au mtu akiumia.