Je, wajua kwa nini fidla inaweza kukutoa jasho ukiwa umekaa kitini?

Siku moja jaribu hivi. Chukua filamu ya kutisha uliyokwisha kuiona, ifikishe pale panapokufanya ukunje miguu, kisha uzime sauti. Mwanamke anapita ukumbini. Anafika mlangoni, anafungua. Basi. Kile kilichokukosesha usingizi kimegeuka kuwa mtu anayefungua mlango. Sasa rudisha sauti, ufumbe macho. Hofu ile imerudi yote, na picha hata huioni.

Wengi hudhani siri iko kwenye tuni, kwamba mtunzi alikaa kwenye piano akatafuta wimbo wa huzuni au wa kutisha. Mimi naona tuni hupewa sifa isiyo yake. Kinachomfikia msikilizaji kwanza ni sauti yenyewe ilivyo: ni laini au ina mikwaruzo, imetulia au inayumba, unajua imetoka wapi au hujui. Ndiyo maana watunzi wa muziki wa filamu hukesha wakikwangua, wakigonga na wakati mwingine wakiunguza vitu ambavyo duka la ala za muziki lisingethubutu kuviuza.

Tuanze na mfano maarufu kuliko yote. Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa anamalizia filamu ya Psycho, na lile tukio la mauaji bafuni alitaka lipite bila muziki wowote. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, aliandika muziki hata hivyo. Hitchcock aliposikiliza, akabadili mawazo. Filamu nzima Herrmann aliiandikia ala za nyuzi tu: hamna tarumbeta, hamna ngoma, hamna filimbi.

Hebu tusogee karibu na hizo nyuzi. Juu ya daraja la fidla, kile kibao kinachoinua nyuzi, mpigaji anaweza kupachika kibanio kidogo kinachopunguza makali ya sauti, ikatoka kama imefunikwa na blanketi. Herrmann aliwawekea wapigaji wake vibanio hivyo karibu filamu yote. Masikio yako yanazoea hiyo sauti iliyofunikwa bila wewe kujua. Pazia la bafuni linapovutwa, vibanio havipo tena. Upinde unashushwa kwa nguvu, unainuliwa, unashushwa tena, kila pigo likiteleza kwenda juu, na noti zimerundikwa moja juu ya nyingine kwa namna ambayo haziwezi kupatana. Hapo husikii fidla. Unasikia kitu kinapiga yowe, na huna uhakika kama ni mtu, ndege au chuma.

Kwa nini mwili ukubali kudanganywa na mbao na nyuzi? Jibu moja limetoka kwa watu wanaochunguza wanyama. Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amesoma kwa miaka mingi milio ya marmoti, mnyama wa jamii ya kindi anayeishi milimani. Mnyama akikamatwa, pumzi hupita kooni kwa nguvu kuliko koo linavyoweza kuhimili. Sauti inapasuka, inaruka juu ghafla, inajaa kelele. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa sauti katika matukio ya filamu zaidi ya 100 na wakakuta sauti za aina hiyo hazikutawanyika ovyo. Filamu za kutisha zilikuwa na fungu lake kubwa la kelele na mayowe. Watunzi walikuwa wameufikia ujuzi huo kwa sikio tu.

Wanasayansi wengine waliopima yowe la binadamu walikuta ukubwa wa sauti yake hupanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa mno kuihesabu, kwa hiyo tunaisikia kama ukwaruzo. Mwanamuziki anaweza kuutengeneza ukwaruzo huo kwa nyuzi mbili. Uzi mmoja ukitetemeka mara 440 kwa sekunde na wa pili 443, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara tatu kila sekunde, kama taa inayopepesa. Ukiongeza tofauti hadi 40 hivi, kule kupepesa kunakuwa msumeno. Sikio ni mlinzi wa zamani sana. Halijui kwamba umelipa tiketi.

Njia ya pili ni kumnyima msikilizaji jibu la swali "hicho ni nini?" Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Richard Waters alibuni ala inayoitwa wotafoni. Ni bakuli la chuma lililofungwa juu, lenye shingo ya kushikia, na kuzunguka ukingo wake zimechomelewa fito nyembamba za urefu tofauti. Ndani unatia maji kidogo. Unapitisha upinde kwenye fito moja, na wakati inalia unaliinamisha bakuli. Maji yanahama, na sauti inahama nayo, inateleza kama inayozama. Hata ukiambiwa kuna maji mle, sikio bado linagoma kuamini. Umeshaisikia mara nyingi kwenye filamu za kutisha, ila hukuwa na jina lake.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Louis na Bebe Barron, mume na mke, ndio waliotengeneza sauti za filamu ya anga za juu Forbidden Planet ya mwaka 1956, bila ala hata moja ya kawaida. Waliunda saketi za umeme, wakazizidishia nguvu mpaka zikalia, zikahangaika, nyingine zikaungua kabisa, na yote hayo wakayanasa kwenye utepe ili kuyakata, kuyapunguza kasi na kuyaunganisha upya. Saketi iliyokwisha kufa haikulia tena vilevile. Kwenye majina ya filamu kazi yao haikuitwa hata muziki. Iliandikwa kuwa ni sauti za kielektroniki.

Tatizo la sauti ngeni ni kwamba haikai ngeni. Theremini, ala inayopigwa kwa kupunga mikono hewani bila kuigusa, ilitia watu baridi miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha ikatumika kila palipopita kisahani cha angani, mpaka leo ukiisikia unacheka. Kwa hiyo watunzi hawana budi kuanza upya kila mara. Mwaka 1968 Jerry Goldsmith, akitafuta sauti za dunia isiyojulikana kwa Planet of the Apes, aligongesha mabakuli ya jikoni ya chuma.

Hofu ndiyo rahisi kueleza, na labda ndiyo maana nimeing'ang'ania. Lakini majaribio yale yale huzaa hali nyingine pia. Filamu ya Dunkirk ya 2017 inakuacha umebana pumzi muda wote, na sababu moja ni mchezo wa sauti uliobuniwa na mwanasaikolojia Roger Shepard katika miaka ya 1960. Panga toni kadhaa kama vidato vya ngazi, zote zipande kwa pamoja. Ya juu ikikaribia kileleni ififishe polepole. Wakati huohuo ingiza nyingine kutoka chini kimyakimya. Msikilizaji anasikia kitu kinachopanda, kinapanda, na hakifiki. Mtunzi wa muziki wake, Hans Zimmer, aliuchanganya mpando huo na mlio wa saa ya mkononi ya mwongozaji Christopher Nolan.

Miaka mitatu kabla, katika filamu ya Interstellar, wawili haohao walifanya kinyume. Nolan alimpa Zimmer maandishi mafupi kuhusu mzazi na mtoto wake, bila kumwambia kwamba filamu ni ya safari za anga. Muziki ukaanzia kwenye upendo, roketi zikaja baadaye. Kwa Interstellar walichagua kinanda cha mabomba cha kanisa la Temple, London. Kinanda cha namna hiyo hakilii bila hewa kupita kwenye mabomba yake. Sikiliza vizuri utasikia kinavuta pumzi, na hiyo ni hadithi ya watu ambao wakiishiwa hewa wamekufa. Sijui mashine ya kielektroniki ambayo ingeweza kusema hivyo.

Na wakati mwingine unachotakiwa kutunga ni kitu kisicho na sauti kabisa. Mionzi ya nyuklia haionekani, hainuki, hailii. Mtunzi Hildur Guðnadóttir wa Iceland alipopewa tamthilia ya Chernobyl, ya ajali ya kinu cha nyuklia, iliyoonyeshwa 2019, hakwenda studio kwanza. Alikwenda Lithuania, kwenye kinu cha nyuklia cha Ignalina kilichokwisha kuzimwa, mahali ambapo sehemu ya tamthilia ilipigwa picha. Akiwa na wanasa sauti wenzake walirekodi milango, mitambo na ukimya wa vyumba vikubwa vya saruji, na namna kila chumba kinavyorudisha mwangwi. Muziki wote ukachongwa humo. Chelo, ala aliyokulia nayo, hakuitumia. Alichoongeza ni sauti yake mwenyewe, ikiimba ndani ya mwangwi wa kile kinu.