Zeriskepi ni nini? Sio kumwaga kokoto uwanja mzima

Juzi shemeji yangu wa Goba kanionesha uwanja wake mpya, pevingi tupu kutoka getini mpaka mlango wa jikoni, pembeni kamwaga kokoto nyeupe na vyungu vitatu vya kaktasi, akaniambia shem hii ndo zeriskepi, fundi kasema saivi watu hawahangaiki tena na mpira wa maji. Mi nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa nakula kwake, lakini ukweli ile sio zeriskepi, ile ni paking.

Neno lenyewe limezaliwa Denver, jimbo la Colorado kule Marekani, mwaka 1981. Watu wa mamlaka ya maji ya mji ule walikuwa wanatafuta namna ya kupunguza maji yanayoishia kwenye bustani za majumbani, wakachukua neno la Kigiriki xeros, maana yake kavu, wakalichomeka kwenye neno lao la mandhari, landscape, ikatoka xeriscape, kwetu tukilitamka ndo linakuwa zeriskepi. Denver ni kukavu kweli, mvua yao ya mwaka mzima ni kama theluthi moja tu ya yetu hapa Dar. Kwa hiyo maana yake ukiniuliza mimi ni hii: unaipanga bustani tangu mwanzo ili kazi kubwa ifanywe na mvua, mpira wa maji ubaki wa kusaidia tu. Wenyewe wana kanuni saba, kuna kupanga eneo kabla hujapanda, kurekebisha udongo, kuchagua mimea inayoendana na mahali, kumwagilia kwa akili, matandazo yaani kufunika udongo kwa majani au makumbi, nyasi ziwe pale tu zinapohitajika, na matunzo. Hakuna hata moja inayosema ng'oa kila kitu uweke mawe. Ila hata huko Marekani wapo wengi wanaolitamka kama linaanza na ziro, wakaelewa ziro mimea, kwa hiyo shem hayuko peke yake.

Sasa najua mtu atasema Dar sio jangwa bwana, huku kuna mafuriko kila mwaka. Ni kweli, Dar tunapata kama milimita 1,100 kwa mwaka, sio kidogo hata kidogo. Ila angalia zinavyokuja. Masika Machi mpaka Mei inamwaga mpaka unatafuta mabuti, vuli inapita Oktoba mpaka Desemba ikijisikia, halafu kuanzia Juni mpaka Septemba mchanga unakauka mpaka ukitembea na kandambili unaungua vidole. Na vuli ikichelewa ndo unajua hujui, mwishoni mwa 2022 mto Ruvu, ambao ndo unatuletea maji ya bomba, ulipungua sana mji mzima tukaingia kwenye mgao, watu wanaamka saa tisa usiku kusikilizia bomba kama linakoroma. Kipindi hicho mtaani kwetu kulikuwa na nyumba moja ukoka wake umekolea kijani kama uwanja wa mpira, na majirani wote tulikuwa tunaupita tukiwa na madumu mkononi. Hatukusema kitu. Lakini tuliuangalia.

Hebu tupige hesabu ya huo ukoka maana watu wengi hawajawahi kuipiga. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyasi za kijani kipindi cha jua kali watu wa bustani wanakadiria zinataka kama milimita 25 kwa wiki. Ukiwa na kipande cha mita 10 kwa 10, sio kikubwa, hapo unaongelea lita 2,500 kwa wiki, yaani madumu 125 yale ya lita 20, na kwa mwezi ni lita 10,000, boza zima, uniti 10 kama unatumia bomba. Kwa ajili ya kitu ambacho hakiliwi, hakitoi kivuli, na watoto wamekatazwa kukikanyaga! Kule Nevada, jimbo lingine la Marekani, mwaka 2021 walipitisha sheria kabisa inayohusu eneo la Las Vegas, kwamba nyasi zisizo na kazi, zile za mapambo kwenye maofisi na katikati ya barabara, kufikia mwisho wa 2026 zisimwagiliwe tena kwa maji ya mto Colorado. Nyasi za nyumbani kwa mtu hawakuzigusa. Lakini hilo swali la nyasi hizi zina kazi gani mimi nimelipenda, ni swali zuri la kujiuliza umesimama uwanjani kwako. Kama mtu pekee anayezikanyaga ni kijana anayekuja kuzifyeka, basi hazina kazi.

Kama watoto wanacheza mpira hapo, ziache. Ndo maana nasema sio vita na nyasi.

Hapa kwenye kupanga eneo ndo pana utamu wenyewe na ndo watu wanaparuka. Sisi watu wa pwani maisha yetu mengi yako nje, barazani, chini ya mwembe, kwenye kibanda cha makuti kama unacho, jioni mkeka unatandikwa nje kwa sababu ndani kunachemka. Kwa hiyo anzia hapo mnapokaa. Kaa kwenye kiti chako saa kumi jioni uangalie jua linakupiga upande gani, upepo wa bahari unatokea wapi, jicho lako linatua wapi. Hapo karibu na baraza ndo weka maji yako, mimea michache inayotaka kutunzwa, asumini moja maana usiku inanukia ukiwa umekaa, mrehani, mchaichai wa chai, vyungu viwili vitatu. Ukisogea mbele kidogo weka vitu vya kumwagilia mara moja moja. Kule kwenye ukuta na getini weka vile ambavyo ukishavizoesha unavisahau. Yaani mimea inayokunywa sawa ikae pamoja, sio unapanda mshubiri katikati ya maua yanayotaka maji kila siku, lazima mmoja afe, aidha kwa kiu au kwa kuoza.

Na hili wala sio jipya kwetu, sema hatukulipa jina. Bibi zetu walikuwa wanapanda mgomba pale panapotokea maji ya bafuni, na mpapai pembeni. Hakuna aliyewafundisha kwa michoro, waliona tu mgomba unapenda maji na maji yapo hapo, basi yakutane.

Udongo wa Dar sehemu nyingi ni mchanga, unamwaga ndoo yanazama hapohapo kama umemwaga kwenye chujio, mizizi haijanywa yameshapita. Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri au mboji, changanya kwenye shimo la kupandia, itayashika maji. Halafu juu weka matandazo. Hapa naomba nisisitize maana ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote na ndo kinachodharauliwa kuliko vyote. Udongo uliofunikwa haupigwi na jua moja kwa moja, maji hayaruki hewani haraka, na magugu yanapungua. Na sisi tuna makumbi ya nazi yanatupwa! Nenda kwa muuza madafu yeyote jioni, anahangaika namna ya kuyaondoa, mwombe gunia mbili tatu, kayachambue kayakaushe yatandaze unene wa kama vidole vinne. Majani ya mwembe yanafaa, maranda ya kwa fundi seremala yanafaa, maganda ya mpunga yanafaa ila upepo unayachezea. Usiyabananishe na shina tu, acha nafasi kidogo shina lipumue. Kokoto nayo ni matandazo kweli, siikatai, ila inashika joto, ukiiweka karibu na baraza jioni inakurudishia jua lote la mchana.

Mimea sasa. Bogenvilia ndo malkia wa Dar kwa hii kazi, na ukiimwagilia sana inajaza majani inasahau maua, ukiibania maji inachanua mpaka ukuta hauonekani. Mshubiri, mkonge wa mapambo (huo usiweke watoto wanapopita, ncha zake ni sindano), waridi la jangwani lile lenye tumbo nene chini, ambalo kwa asili ni la Afrika mashariki hukuhuku tunalinunua kwa bei kama limetoka Ulaya, lakini kumbuka utomvu wake ni sumu, zamani watu walipaka kwenye mishale. Kwa kivuli kuna mwarobaini, unavumilia ukame vibaya mno, mkwaju kama una eneo kubwa. Kivuli ndo kitu cha kwanza hasa, mti mmoja uliokaa upande wa jua la jioni utapoza baraza na utapunguza kiu ya kila kilichopo chini yake.

Ila msidanganywe kwamba mmea wa kuvumilia jua unavumilia tangu siku ya kwanza. Hata mwarobaini ukiupanda Agosti ukauacha unakufa. Panda masika yakianza, mvua ikukuzie mizizi bure, na mwaka wa kwanza endelea kuupa maji kiangazi. Umwagilie mara chache lakini mengi, yazame chini mizizi iyafuate, sio kile kimnyunyizo cha kila jioni cha dakika mbili kinacholowesha juu tu, hicho kinafundisha mizizi ukaaji wa juujuu, siku ukisafiri umekwisha. Asubuhi mapema ndo vizuri. Kama huna hela ya mipira ya matone, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, toboa kifuniko matundu madogo, ichimbie kichwa chini karibu na mzizi, ijaze. Inafanya kazi.

Kuhusu maji ya kisima kuwa makini, visima vingi vya Dar vina chumvi hasa ukisogea pwani. Ukiona ncha za majani zinaungua kahawia wakati unamwagilia vizuri, onja maji yako kabla hujamlaumu muuza miche. Maji ya kiyoyozi hayana chumvi, kinga ndoo chini ya kile kibomba, wapelekee maua ya kwenye vyungu. Maji ya kuoshea mchele pia. Ya kufulia yapeleke kwenye miti na maua tu, usirudie sehemu moja kila siku kwa sababu sabuni ya unga nayo ina chumvichumvi zake, na kwenye mchicha usipeleke kabisa.

Turudi kwa shem na pevingi zake. Ubaya wa kuziba uwanja wote ni kwamba maji ya masika hayana pa kuzama, yanakimbilia getini, yanakuwa tatizo la jirani wa bondeni, na wewe mwenyewe mwezi wa nane unanunua maji. Ni yale yale uliyoyafukuza mwezi wa nne. Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 tu, ambayo masika ni mvua ya kawaida sana, linakupa karibu lita 1,000. Simtanki moja hiyo, kwa mvua moja. Kama huna tanki basi angalau elekeza bomba la paa kwenye shimo ulilolijaza makumbi pembeni ya mti.

Nilikuja kumwambia baadae kwa simu, kwa upole. Nikamshauri asibomoe, hela imeshaenda, ila atoe mistari minne ya pevingi upande wa magharibi wa baraza, achimbe, ajaze samadi, mvua zikianza apande mwarobaini na bogenvilia, na lile bomba la paa aligeuzie huko. Akasema ataongea na fundi. Halafu akaniuliza shem, hivi kaktasi nayo inaoza? Ile ya katikati imelainika yote. Kumbe dada wa kazi alikuwa anaimwagilia kila asubuhi.