Kutoa kizazi: kuna njia ambayo haiachi kovu tumboni

Mama akitoka Makete au Mbarali mpaka kufika kliniki yetu ya magonjwa ya wanawake hapa Mbeya, huwa ameshaambiwa mengi. Jirani amemwambia akitolewa kizazi tumbo litabaki na shimo. Wifi amemwambia mume hatakaa. Na siku hizi yupo pia mjukuu mwenye simu aliyemwonyesha kwamba wenzetu wa mbali hawapasui, wanatoboa matundu tu. Hata faili halijafunguliwa, swali linakuja: "Daktari, mtanipasua au mtanitoboa?"

Swali hilo lina haki ya kujibiwa, ila liko nafasi ya pili. La kwanza ni hili: kizazi chako kinatolewa kwa sababu gani?

Sababu inayowaleta wengi ni uvimbe wa kizazi, ule tunaouita mayoma. Uvimbe huu si saratani, na baada ya hedhi kukoma kwa kawaida hunywea wenyewe. Mwanamke mwenye uvimbe usiomsumbua hana sababu ya kukimbilia kisu kwa kuwa tu altrasaundi imeuona. Tunauhangaikia pale unapomtoa damu nyingi yenye mabonge, unapobana kibofu, au unapokua mpaka tumbo likaonekana la ujauzito. Wengine kizazi kimeshuka baada ya uzazi mwingi na kazi nzito, kinachungulia nje akikohoa. Wengine ni saratani. Na iko ile ya dharura, mama amejifungua na damu haikatiki. Hapo uamuzi ni wa dakika na hakuna nafasi ya kuchagua njia.

Nje ya saratani na dharura, karibu kila mara lipo jambo la kujaribu kabla. Vipo vidonge vya kupunguza damu ya hedhi. Kipo kitanzi chenye homoni, kinachowekwa ndani ya kizazi na kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Kwa anayetaka kuzaa bado, uvimbe unaweza kutolewa na kizazi kikaachwa, na uvimbe mdogo uliojitokeza kwa ndani huweza kukatwa kwa kifaa chenye kamera kinachopitia ukeni, bila jeraha lolote la nje. Kwa kizazi kilichoshuka kuna pete ya mpira inayokishikilia, na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Ukiambiwa utolewe kizazi na hayo hayajatajwa, uliza. Daktari hatakuchukia.

Sasa hilo shimo. Kizazi kisicho na mimba wala uvimbe ni kidogo, mfano wa parachichi dogo la Rungwe lililogeuzwa kichwa chini, urefu wake sentimita saba au nane hivi. Kikitoka, utumbo husogea na kujaza pale palepale. Uke hushonwa kwa juu na hubaki uke. Hedhi haiji tena na mimba haiwezekani, hilo tunalisema wazi kabla ya upasuaji. Lakini vifuko vya mayai ni kitu kingine, viko pembeni, na visipokuwa na tatizo kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi tunapendelea kuviacha, kwa sababu ndivyo vinavyotengeneza homoni zake. Vikitolewa, joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu ukeni huanza ndani ya siku chache. Kwa hiyo usiridhike na neno "kizazi" peke yake: uliza kama vifuko vya mayai vinabaki, na kama mlango wa kizazi unatoka. Ukiachwa mlango, bado unatakiwa kupima saratani ya mlango wa kizazi kama mwanamke mwingine yeyote.

Nije kwenye njia. Ya kwanza, wengi wanaijua: tumbo linafunguliwa, mara nyingi kwa mkato wa chini kama wa upasuaji wa kujifungua. Ya pili ni laparoskopia, matundu matatu au manne ya milimita 5 hadi 12. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili tupate nafasi, kamera inaingia tundu moja na vifaa vinaingia mengine, na kizazi kikishaachanishwa kwa kawaida hutolewa kupitia ukeni. Mgonjwa anakuwa kwenye nusu kaputi. Akizinduka anaweza kuumwa bega, akashangaa bega limeguswa saa ngapi. Ni ile hewa iliyobaki, huisha baada ya siku chache. Upasuaji wa kwanza wa kutoa kizazi kwa laparoskopia ulifanywa na Harry Reich, Marekani, mwaka 1988.

Ya tatu ndiyo ninayotamani wanawake wa nyanda za juu kusini waifahamu zaidi. Kizazi kinatolewa chote kupitia ukeni, tumbo haliguswi. Haihitaji kamera wala mitungi ya gesi, na mara nyingi sindano ya ganzi ya mgongoni inatosha. Njia hii ni ya zamani kuliko laparoskopia kwa zaidi ya miaka 150, na tafiti zilizolinganisha njia zote zinaonyesha kwamba pale inapowezekana, mgonjwa hupona haraka kuliko aliyefunguliwa tumbo. Nasikitika mwanamke aliyeshuka kizazi anapokaa nyumbani miaka akichanga fedha za "mashine ya matundu", wakati tiba yake haihitaji mashine hiyo.

Matundu madogo si bora kwa kila ugonjwa. Kwa saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha waliofanyiwa kwa matundu walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo. Hapo kovu refu ndilo salama. Kizazi kikubwa sana, au tumbo lililoshikamana ndani kwa sababu ya upasuaji wa nyuma, huweza pia kutulazimu kufungua. Na njia yoyote ina hatari zake: kutoka damu, maambukizi, kuumia kwa kibofu au mirija ya mkojo, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Jambo linalochelewesha wengi ni damu. Mwanamke amevuja miaka miwili akijitibu kwa mizizi, anafika midomo imepauka na hawezi kupanda ngazi. Huyo tunaanza na kurudisha damu, kwa dawa za madini chuma au kuongezewa. Na aliyekoma hedhi kisha akaona damu, hata tone moja, asingoje la pili. Lazima apimwe, na ikibidi kichukuliwe kinyama kwa maabara, kabla ya kuzungumzia njia ya upasuaji.

Aliyefunguliwa tumbo huhitaji wiki sita hadi nane kupona. Aliyepitia matundu au ukeni huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili, na kazi nyepesi huanza baada ya wiki mbili hadi nne. Hapo ndipo penye mtego. Nyumbani hawaoni jeraha, wanaona mama anatembea, na wiki ya pili amerudi shambani Uyole na debe la viazi kichwani. Mshono wa juu ya uke ni uleule kwa kila anayetolewa kizazi chote, na ukiachia, damu itatoka na utumbo unaweza kushuka. Ndoo, kuni, mtoto mgongoni na tendo la ndoa vinasubiri angalau wiki sita, mpaka daktari apime. Homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu, mkojo usiozuilika au mguu mmoja kuvimba: rudi hospitali siku hiyohiyo.

Fomu ya ridhaa anasaini mwanamke mwenyewe, lakini akipenda namwita mume aingie naye, aulize lile la hamu ya tendo la ndoa na la shimo, nimchoree kwenye karatasi. Kisha nawauliza nani atachota maji kwa wiki sita. Wakitazamana kimya, na ugonjwa si wa haraka, tunaandika tarehe ya baada ya mavuno.