Nyoka Haingii Humu Ndani!

Natibu wanyama watambaao, na wagonjwa wangu wengi ni nyoka: huyu ana mafua, yule ameshindwa kujivua gamba, mwingine amesusa chakula. Lakini swali ninaloulizwa kuliko mengine halina ugonjwa ndani yake. "Daktari, natamani sana kufuga nyoka, ila mwenzangu hataki hata kusikia. Nimwambie nini?"

Anayeuliza huwa ameshaandaa hoja zake. Nyoka huyu hana sumu. Hapigi kelele, hamwagi manyoya, hahitaji kutembezwa, anakula mara chache kuliko mbwa au paka yeyote. Hoja zote ni za kweli, na zote hazisaidii kitu, kwa sababu mwenzake hakuwa anabishia sumu. Alisema tu hataki.

Basi mimi humrudishia swali: anakataa nini hasa? Maana ndani ya "sitaki nyoka" huwa kuna mambo tofauti kabisa. Yuko anayeogopa mpaka miguu inakufa ganzi. Yuko asiyemwogopa nyoka hata kidogo, ila hawezi kuvumilia wazo la panya waliokufa kukaa ndani ya friza. Yuko anayemfikiria mtoto anayetambaa sakafuni. Yuko anayeona ni uonevu kumfungia kiumbe wa porini ndani ya kioo. Na yuko ambaye shida yake si nyoka, ni wewe: ulileta samaki ukaapa utawahudumia, maji yakageuka kijani, na aliyeishia kusugua tangi ni yeye. Huyo wa mwisho hata ukimletea daktari wa nyoka aje kumweleza, mimi nitakuwa upande wake.

Nianze na hofu, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Sisi wapenda nyoka tuna tabia ya kuiona hofu hiyo kuwa ujinga unaotibika kwa maelezo. Mwaka 2017 kundi la watafiti akiwamo Stefanie Hoehl liliwaonyesha watoto wa miezi 6 picha za nyoka na picha za samaki. Kwa nyoka, mboni za watoto zilipanuka zaidi, dalili kwamba mwili umeamka na kukaa chonjo. Hiyo bado si hofu, lakini ni mahali ambapo hofu inaweza kuota haraka. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1989, wanasaikolojia Michael Cook na Susan Mineka walichapisha kazi yao juu ya tumbili waliolelewa maabara. Tumbili wale waliangalia video ya mwenzao akiingiwa na woga mbele ya nyoka wa bandia, na wao wakaanza kumwogopa. Video ilipounganishwa upya ili ionekane kwamba kinachomtisha ni maua, hawakujifunza kuogopa maua. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi naongeza kwamba hata asiyewahi kuumwa anashtuka, na haitaki aibu.

Hofu ya namna hiyo haisikilizi takwimu. Kinachoipunguza ni kukutana na nyoka kidogo kidogo, na hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walilinganisha njia kadhaa kwa watu wenye hofu kali ya nyoka. Kundi moja liliangalia filamu za watu wakicheza na nyoka, na mtazamaji mwenyewe ndiye aliyeweza kuisimamisha filamu na kuirudisha nyuma pale alipozidiwa. Kundi lililofaidika zaidi lilikuwa lile lililomwona mtu hai akimshika nyoka, kisha wakasaidiwa kumkaribia wenyewe, hatua baada ya hatua.

Ukilichukulia hilo kwa vitendo, mambo huenda hivi. Nenda naye kwa mfugaji au kwenye bustani ya wanyama kabla hujanunua chochote. Asimame mbali anapotaka, nyoka akiwa nyuma ya kioo. Siku nyingine asogee. Siku nyingine amwone mtu mtulivu akimshika, na mtu huyo asiwe wewe, maana wewe unataka kitu na yeye anajua. Akipenda, aguse mgongo kwa kidole karibu na mkia, kichwa kikiwa kimeelekezwa kwingine. Wengi hushangaa hapo, kwa sababu walitarajia utelezi na wakakuta ngozi kavu, laini, ya vuguvugu kidogo ikiwa mnyama ametoka kwenye joto lake. Akisema inatosha, inatosha, mnarudi nyumbani, na njiani humwulizi "sasa unaonaje?"

Anayeogopa ndiye mwenye usukani. Yule anayemwekea mwenzake nyoka begani kwa mzaha, kamera ikiwa tayari, anaharibu kwa sekunde moja kazi ya miezi, na binafsi nisingemkabidhi hata konokono. Kama hofu inafikia kumnyima mtu usingizi au kumfanya asiweze kutazama picha, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa saikolojia, na aende kwa sababu yeye mwenyewe anataka nafuu, si ili wewe upate nyoka wako.

Tena lengo lisiwe apende. Lengo ni aweze kupita karibu na tangi lililofungwa bila moyo kwenda mbio. Najua nyumba ambazo nyoka ameishi miaka na mmoja wa wanandoa hajawahi kumgusa, na wote watatu wako salama.

Kinyaa ni jambo jingine, na bahati nzuri kina dawa rahisi. Karibu nyoka wote wanaofaa kufugwa ndani hula panya, na njia salama ni panya waliokwisha kuuawa na kugandishwa. Nimeshona majeraha ya nyoka walioachwa na panya hai usiku kucha. Panya aliyebanwa kwenye kona humng'ata nyoka mpaka mfupani. Panya aliyegandishwa huyeyushwa taratibu kwenye friji, kisha hupashwa ndani ya maji ya moto, kamwe si kwenye maikrowevu, isipokuwa kama unataka kusafisha kitu usichoweza kukisimulia mezani. Unene wake ulingane na sehemu nene ya mwili wa nyoka. Sasa, mwenzio akisema panya hawakai na chakula cha familia, yuko sahihi kabisa, na si kwa sababu ya kinyaa peke yake: vijidudu vya salmonela, viletavyo kuhara, haviuawi na barafu. Nunua friza ndogo yako, iweke pengine, na ugomvi huo umeisha. Chatu mfalme (Python regius, chatu mdogo anayefugwa sana majumbani) akiwa mzima hula mara moja kila wiki mbili hadi nne, na huweza kususa chakula kwa miezi bila kudhurika ikiwa uzito wake haushuki. Wenye nyoka huja kwangu wamechanganyikiwa kipindi hicho. Wenzi wao huwa wanatabasamu.

Kuna watu wamenitajia nyoka mla mayai, wa jenasi ya Dasypeltis, kama njia ya kuwakwepa panya. Wazo zuri. Nyoka huyo hula mayai ya ndege tu, hulimeza yai zima, hulipasua kwa ncha za mifupa ya uti wake wa mgongo, kisha hulitema ganda likiwa limekunjamana. Lakini wengi wanaouzwa wametolewa porini, na wadogo huhitaji vijiyai vidogo ambavyo hutavipata kirahisi mwaka mzima. Si nyoka wa kuanzia.

Suala la mtoto halina mzaha. Nyoka mwenye afya njema kabisa huweza kubeba salmonela tumboni na kuitoa kwenye kinyesi, na huwezi kumtibu ili asibebe tena. Ushauri unaotolewa na mamlaka za afya ni kwamba nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu isiwe na mtambaazi. Wapo wanaonawa mikono vizuri, hawasafishi vyombo vya nyoka kwenye sinki la jikoni, na hawajapata shida. Hata hivyo, kama mna mtoto mchanga na mwenzio anasema tusubiri, subiri. Nyoka watakuwapo bado akianza shule.

Halafu kuna kutoroka, na hapa wafugaji wengi huongopa. Nyoka hutoroka. Ana misuli mwili mzima na muda wote wa usiku kusukuma kifuniko, na akipata upenyo wa kupitisha kichwa, mwili mara nyingi hufuata. Tangi liwe na kufuli au vibanio vya kweli, si kitabu kizito juu ya wavu. Akitoroka, fungeni milango, tafuteni karibu na ukuta na nyuma ya vitu vyenye joto kama jokofu, na nyunyizeni unga mwembamba sakafuni ili mchirizi uonekane asubuhi. Na mwambie mwenzio dakika hiyohiyo. Nimewasikia wanaojaribu kumtafuta kimyakimya kwa siku nzima wakijifanya wanapanga vitabu. Mtu anayeogopa nyoka anaweza kuzoea kujua nyoka alipo; akishagundua kwamba ulijua hayupo na hukumwambia, hata kufuli kumi hazitamtuliza.

Sasa nifikie ninachokutana nacho mezani kwangu, ambacho wanandoa hawakifikirii: maafikiano yanayomuumiza nyoka. Mwenzi anasema sawa, mlete, lakini asionekane. Basi tangi linapelekwa stoo, au kibanda cha nje, au kona ya chumba ambacho hakuna anayeingia. Wiki kadhaa baadaye nyoka analetwa anapumua mdomo wazi, mapovu puani. Nyoka hajitengenezei joto kama sisi. Hulichukua nje ya mwili. Chatu mfalme anahitaji upande mmoja wa tangi uwe na nyuzi 31 hadi 33 za selsiasi na upande mwingine kama 25, achague mwenyewe, na unyevu wa hewa wa kama asilimia 60. Joto likipungua, panya aliyemezwa haumeng'enywi vizuri na hutapikwa, na mapafu hushambuliwa. Mkeka wa joto uunganishwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, kwa kuwa mkeka usiodhibitiwa humwunguza tumbo bila yeye kukimbia. Na mambo haya huharibika pasipo mtu wa kuona kwa sababu tangi liko mahali pasipopitwa. Kwa hiyo kama sharti la mwenzio ni kwamba nyoka afichwe, ama tafuta chumba chenye hali nzuri kinachofungika na unachokitumia kila siku, ama usimlete. Upande mmoja wa tangi kufunikwa kitambaa ili asionekane kutoka mlangoni, hilo nyoka analipenda. Kujificha ndiyo raha yake.

Na ni maafikiano ya muda mrefu. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, huishi miaka 15 hadi 20. Chatu mfalme hupita 20 mara kwa mara na wengi hufika 30. Kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, mwaka 2020, chatu mfalme wa kike aliyekadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60 alitaga mayai 7 ilhali hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Unapomwomba mwenzio "kubali tu kidogo", jua unamwomba jambo linaloweza kudumu kuliko kazi uliyo nayo. Ukisafiri, nani atambadilishia maji? Ukilazwa hospitali? Kama jibu ni "mke wangu" au "mume wangu", na huyo ndiye asiyetaka, hamjamaliza kuzungumza. Tafuteni rafiki anayefuga, akubali kwa jina, kabla nyoka hajafika.

Kuhusu aina, kwa nyumba yenye mtu asiyependa nyoka mimi hutaja hao wawili tu. Nyoka wa mahindi ni mwembamba, kwa kawaida urefu wake hauzidi mita moja na nusu, ana rangi ya machungwa ambayo wengi huiona nzuri hata wasipokusudia. Ila ana haraka, na mwendo wa haraka ndio huwatia watu kiwewe. Chatu mfalme ni mnene zaidi lakini mpole wa mwendo. Akitishika hujiviringa akaficha kichwa katikati, na kuna walioacha kumwogopa siku walipoona kwamba yeye ndiye anayewaogopa. Chatu wakubwa usiwafikirie. Chatu wa Burma waliozagaa kwenye vinamasi vya Everglades, jimbo la Florida nchini Marekani, asili yao ni wanyama wa kufugwa, na wapo walioachiwa na watu waliochoka nao. Wenye sumu sina la kusema. Nyumbani kwa watu wawili ambao mmoja hakubali, hapana. Kabla ya yote angalia sheria ya mahali ulipo, kwa sababu chatu wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na pengine kuwafuga kunahitaji kibali.

Baada ya yote hayo mwenzio anaweza bado kusema hapana. Hapo sina mbinu ya kukupa, na ukiipata kwingine usiitumie. Nyoka aliyeingizwa kwa kumshinda mtu huishia kuwa kisingizio cha kila ugomvi, kisha hutafutiwa makao mapya, na vituo vya kuwapokea huwa vimejaa. Badala yake kuna kujitolea kwenye vituo hivyohivyo: mikono ya kusafisha na kupima uzito haitoshi kamwe, na utashika nyoka wengi kuliko ambavyo ungemudu kufuga. Au kuna mjusi mwenye madoa ya chui, Eublepharis macularius. Anakula wadudu, si panya, ana miguu minne, na ana kope anazofumba, jambo ambalo kwa sababu nisizoweza kuzipima huwalainisha hata wagumu. Huyo naye huishi miaka 10 hadi 20, kwa hiyo maswali ya nani atambadilishia maji yanabaki palepale.