Ukitaka kuuelewa uchumi wa Roma, fuata mshahara wa askari

Nafundisha historia ya uchumi wa kale, na kila mwaka wanafunzi huniuliza: Roma ilitajirika kwa vita au kwa biashara? Mimi naona swali lenyewe linatenganisha vitu vilivyokuwa vimefungamana. Ndiyo maana huwaambia wafuate mshahara wa askari: ulitoka wapi, na ukishatumiwa ulikwenda kwa nani.

Tuanzie mwaka 215 KK. Mwaka uliotangulia Hannibal, jemadari wa Karthago, alikuwa amewaua Warumi kwa maelfu pale Cannae, kusini mwa Italia. Hazina imekauka, na majeshi yaliyoko Hispania yanadai mishahara, nguo na nafaka. Serikali ikatangaza zabuni ya ajabu: leteni mahitaji kwa mkopo, fedha zikipatikana mtakuwa wa kwanza kulipwa. Wakajitokeza watu 19 waliojipanga katika makampuni matatu, na masharti yao mawili: wasamehewe kwenda vitani, na shehena ikipotea kwa dhoruba au kwa adui, hasara ibebwe na serikali. Wakakubaliwa.

Haikupita miaka mingi bima hiyo ikageuzwa mradi. Mkandarasi mmoja, Marcus Postumius wa mji wa Pyrgi, alipakia vitu vichache visivyo na thamani kwenye merikebu mbovu, akazizamisha makusudi huku mashua za kuwaokoa mabaharia zikisubiri pembeni, kisha akadai fidia ya shehena kubwa. Mwanahistoria Mrumi Livy anaeleza kwamba Seneti, baraza kuu la Roma, ilikwisha kupewa taarifa lakini ikanyamaza, kwa kuogopa kuwaudhi wakandarasi katikati ya vita. Mashtaka yalifika mbele ya wananchi mwaka 212 KK. Napenda kukaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi kwamba mapema kabisa Roma haikuweza kupigana bila mitaji ya wafanyabiashara, nao walilijua hilo. Katika vita hivyo hivyo, mnamo 211 KK, ndipo dinari ya fedha ilipoanza kutolewa.

Ushindi ulipoanza kuleta faida, mzigo ukahamia kwa walioshindwa. Mwaka 167 KK, baada ya kuanguka kwa ufalme wa Makedonia, nyara alizoleta jemadari Aemilius Paullus zilijaza hazina kiasi kwamba raia wa Roma waliacha kutozwa kodi ya vita. Mwaka huo huo askari wake waliiteka miji 70 ya Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, na watu 150,000 wakauzwa utumwani. Tukisema “nyara” bila kuwataja watu hawa, tumeficha sehemu kubwa ya hesabu. Soko la kuwapokea mateka nalo likakua: karibu wakati huo huo kisiwa cha Delos, Ugiriki, kilifanywa bandari isiyotoza ushuru, na mwanajiografia Strabo anasema kiliweza kupokea na kusafirisha watumwa kwa makumi ya maelfu kwa siku moja. Huko Carthago Nova, Hispania, mwanahistoria Mgiriki Polybius anataja wafanyakazi 40,000 kwenye machimbo ya fedha yaliyoiingizia Roma drakma 25,000 (sarafu za fedha za Kigiriki) kila siku. Fedha hiyo ilifuliwa sarafu, na sarafu zikalipa jeshi lililokwenda kuteka kwingine.

Mzunguko huo una kikomo, kwani nchi tajiri za kuteka huisha. Misri ilikuwa miongoni mwa za mwisho, mwaka 30 KK. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba fedha zilizoletwa kutoka huko zilishusha riba mjini Roma kutoka asilimia 12 hadi 4. Augusto, mfalme mkuu wa kwanza wa Roma, alibaki na jeshi la kudumu, kila askari wa legioni (kikosi kikuu cha jeshi la Roma) akilipwa dinari 225 kwa mwaka, sawa na sesterti 900. Mwaka 6 BK akaanzisha hazina maalumu ya mafao ya askari wastaafu, iliyopata fedha kutokana na kodi ya urithi ya asilimia 5 na ya mnada ya asilimia 1.

Hapo ndipo biashara ya mbali ilipozidi kuibeba dola. Bidhaa za Mashariki zilizoingia kupitia Misri zilitozwa robo nzima ya thamani yake. Tunao mkataba wa karne ya 2 BK, ulioandikwa kwenye mafunjo, unaohusu merikebu iitwayo Hermapollon iliyotoka Muziris, India, na shehena ya takriban sesterti milioni 7. Ushuru wa merikebu hiyo pekee ungelipa askari zaidi ya elfu moja kwa mwaka mzima. Pwani yetu nayo ilikuwa kwenye mtandao huo: mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 unaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, lenye pembe nyingi za ndovu.

Na askari akishalipwa? Katika ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, imefukuliwa barua ya mtu aitwaye Octavius. Amenunua nafaka, modi 5,000 hivi (modi ni kipimo cha Kirumi cha nafaka), na anamsihi mwenzake Candidus ampelekee walau dinari 500, la sivyo atapoteza arubuni ya dinari 300 na kuaibika. Ngozi zake ziko mji wa Cataractonium, lakini hataki kuumiza wanyama kwenda kuzichukua wakati barabara ni mbaya. Ukiisoma utadhani ameiandika jana. Ngome ya mpakani, iliyojaa watu wenye mshahara, ilikuwa soko.

Katika karne ya 3 mishahara ilipanda mara kwa mara, nyara hazikuwepo, na wafalme wakapunguza fedha ndani ya sarafu. Enzi za mfalme Septimius Severus dinari ilikuwa karibu nusu tu fedha. Kufikia mnamo 270, sarafu iliyoichukua nafasi yake haikufika hata asilimia 5. Mwaka 301 mfalme Diocletian akatoa amri ya bei kikomo kwa bidhaa na huduma zaidi ya elfu moja, adhabu ikiwa kifo. Utangulizi wake unalalamika kwamba ununuzi mmoja tu humaliza mshahara na bakshishi ya askari. Lactantius, mwandishi Mkristo aliyeishi wakati huo na kumchukia mfalme huyo, anasema bidhaa zilitoweka sokoni kwa hofu, bei zikazidi kupanda, na amri ikaachwa.