Hereni kubwa za mafundi wetu wa kusini: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Juzi nilikuwa stendi hapa Mtwara nimevaa hereni zangu za mpingo, zile za duara kubwa zenye waya wa brasi unaozunguka, dada mmoja akazipenda akaniuliza bei, nikamwambia elfu 30. Akashtuka, "mbao tu hiyo?" Sikumlaumu maana na mimi zamani nilikuwa nasema hivyohivyo, ila limenikaa moyoni.

Tuanze na hilo la mbao tu. Mpingo unachukua miaka 70 mpaka 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na ukishaukata sio wote mweusi, nje kuna mbao nyeupe na kiini ndo cheusi, na kiini chenyewe kina nyufa na mashimo kibao kwa hiyo fundi anatupa kingi kuliko anachobakiza. Ndo mti huohuo Ulaya wanatengenezea klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza. Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa utaratibu, na wanakijiji wenyewe ndo wanasimamia uvunaji, kwa hiyo muulize fundi mti wake umetoka wapi, fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza.

Nilishawahi kushinda kwa kijana mmoja Mikindani anayetengenezea hereni barazani kwao. Alikata kibao chembamba, akachora duara kwa penseli, akatoboa taratibu huku anapuliza vumbi, kisha msasa, kwanza ule mkali halafu laini halafu laini zaidi wa kuchovya maji, mwisho nta ya nyuki kwa kitambaa mpaka ikang'aa bila rangi yoyote. Alianza saa nne asubuhi. Kufika saa nane moja ikapasuka mkononi, akainyamazia tu akachukua kipande kingine, maana mpingo usipokaushwa taratibu kivulini unapasuka hata ukiwa umebaki msasa wa mwisho. Pea moja, siku nzima. Sasa elfu 30 hapo kubwa iko wapi jamani?

Na ukitaka kujua kama umeuziwa kweli, tia kwenye beseni la maji. Mpingo unazama. Zile za mti mwepesi zilizopakwa kiwi nyingi zinaelea, na ukizifuta na kitambaa kibichi zinaacha weusi.

Lingine, "ikikuachia ukijani shingoni ni feki". Hapana. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na shaba ikikutana na jasho na chumvi inatoa ule ukijani, na sisi tunaishi na joto na upepo wa bahari mwaka mzima kwa hiyo lazima utauona. Unaoga unatoka. Hata fedha ya vito yenye muhuri wa 925 ina asilimia 7.5 ya metali nyingine, mara nyingi shaba hiyohiyo, na bado inaitwa fedha halisi. Kinachowasha watu wengi masikio mpaka yanatoa maji ni nikeli, ndo ya kuuliza dukani, hasa kwenye zile hereni za bei chee ambazo muuzaji mwenyewe hajui zimetengenezwa na nini.

Eti kubwa zinachana masikio. Hapa kuna ukweli nusu, hereni nzito ukiivaa kila siku tundu linarefuka kweli, ila ukubwa na uzito ni vitu viwili tofauti. Mbunifu anayejua kazi anatoboa katikati, anapunguza unene, mpingo anauweka kidogo tu sehemu ya kuonekana. Shika kiganjani kabla hujalipa.

Kuna wanaosema haya mambo ya urembo mkubwa ni ya kuiga wazungu, hapo huwa naumia. Bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndonya mdomoni, huku pwani wanawake wakavaa majasi ya kujaza tundu zima la sikio na vipini puani. Nani kamuiga nani.

Na kwamba brandi ya mtu mmoja haifiki popote? Adèle Dejak, mbunifu wa vito wa Nairobi, kajenga jina kwa brasi iliyoyeyushwa upya na pembe za ng'ombe. Ami Doshi Shah, naye wa Nairobi, kazi yake iliwekwa kwenye maonyesho ya mitindo ya Afrika pale kwenye makumbusho ya V&A, London, 2022. Hizo brasi na pembe hata huku kusini zipo. Ila ganda la kasa usinunue hata ukiambiwa ni la zamani, kasa analindwa na sheria.

Halafu ukipoteza hereni moja usitupe iliyobaki. Ya kiwandani ikipotea ndo basi, ila huyu wa Mikindani michoro yake yote kaikata kwenye maboksi ya viatu kaining'iniza ukutani, mimi ya kushoto ilidondoka kwenye bodaboda nikampelekea ya kulia, akashusha boksi lake, akanikatia mwenzake.