Ganzi na maumivu ya neva baada ya kemo: maana yake

Shangazi yangu wa Busia alimaliza kemo ya saratani ya matiti, akarudi nyumbani, nywele zikaanza kuota. Siku ya kwanza kualikwa harusini alivaa gomesi, akashindwa kufunga vile vifungo viwili vya begani. Kifungo anakiona, kiko kati ya vidole, lakini vidole havimwambii kama amekishika. Usiku nyayo zilimwaka kama zimepakwa pilipili. Jirani mmoja akasema saratani imerudi, mwingine akasema ni presha.

Haikuwa saratani wala presha. Yalikuwa maumivu ya neva: zile dawa zilizopiga saratani zilijeruhi pia mishipa ya fahamu.

Neno "mshipa" hutupoteza hapa. Kwa Kiswahili mshipa ni wa damu, mshipa ni ngiri, hata kano ya msuli watu huiita mshipa. Ukiambiwa tu "ni mishipa", utaenda kukandwa mafuta au kununua dawa ya damu. Mishipa ya fahamu, yaani neva, ni nyuzi zinazopeleka habari kati ya mwili na ubongo: hapa pana moto, hapa pana mwiba, hapa mguu umegusa ardhi.

Uzi unaofika kidole cha mguu huanzia karibu na uti wa mgongo, na kwa mtu mzima urefu wake ni kama mita 1. Ndani yake mna njia ndogo mno za kusafirisha mahitaji hadi nchani. Dawa za kemo kama paklitakseli na vinkristini huvuruga njia za aina hiyo ndani ya seli ya saratani ili isigawanyike, lakini neva nayo inazitegemea. Ncha ya mbali ndiyo hufa njaa kwanza. Ndiyo maana shida huanzia vidoleni, ikapanda kama soksi miguuni na glavu mikononi. Nyingine, sisplatini na oksaliplatini, hushambulia zaidi seli za hisia zilizo kando ya uti wa mgongo, na dalili zinaweza kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Mgonjwa akiona hivyo hudhani amerogwa, maskini, kumbe ni tabia ya dawa yenyewe.

Ukiwa mbele ya daktari, tenganisha maneno mawili: ganzi na maumivu. Shangazi alikuwa akisema "miguu imekufa" tu, na kila mara anarudishwa na panado. Alipoeleza kwamba inachoma, inadunga kama sindano, na shuka ikigusa tu inauma, ndipo alipoandikiwa dawa inayofaa. Dawa za neva hupunguza kuchoma na kudunga. Ganzi haziiondoi, hiyo huachiwa muda, na kwa wengine haiishi yote.

Dawa yenyewe humtia mtu wasiwasi, kwa sababu karatasi yake inasema ni ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, au ya kifafa. Msiogope. Kinachotulizwa ni ishara za neva zinazopiga kelele ovyo. Duloksetini, ya kundi la sonona, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa maumivu haya, kufuatia utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Amitriptilini ni ya bei nafuu. Huanzwa kwa dozi ndogo usiku, hukausha mdomo na kuleta usingizi, na mwenye ugonjwa wa moyo lazima aseme mapema. Zote huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuzihukumu, wala usiziache ghafla. Vitamini za neva zinazouzwa kiholela usimeze nyingi: vitamini B6 ikizidi huharibu neva hizo hizo.

Kwa walio bado kwenye dripu: semeni mapema. Wengi huficha ganzi wakiogopa kukatiziwa kemo, lakini daktari anaweza kupunguza dozi, kuiahirisha au kubadilisha dawa kabla jeraha halijawa la kudumu. Elezeni pia kama mna kisukari au VVU, au mnakunywa pombe, maana hayo nayo hula neva.

Maumivu yakigoma, ulizeni huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito. Hospice Africa Uganda, shirika linalotoa huduma hiyo, ilianzishwa mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi wa Uganda waliofunzwa tiba hiyo wanaruhusiwa kuandika morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Si huduma ya wanaokufa peke yao.

Mimi ganzi inanitisha kuliko maumivu. Shangazi alikanyaga kaa lililoanguka kutoka kwenye sigiri na hakujua mpaka aliposikia harufu. Sasa havai sapatu, zilikuwa zinamvuka njiani bila yeye kuhisi. Anavaa viatu vya kufunga, anapima maji ya kuoga kwa kiwiko, na kila jioni mjukuu anamulika nyayo zake kwa tochi ya simu akitafuta kidonda. Lakini miguu ikilegea ghafla, mgongo ukauma upya au mkojo ukashindikana kuzuilika, hilo ni jambo jingine: huenda uti wa mgongo unabanwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki.